Mwisho wa Reli, Mwanzo wa Wachezaji

Tarehe 25 Julai 2021 fainali ya Kombe la Shirikisho ilichezwa kwetu, Uwanja wa Lake Tanganyika. Mimi na kaka yangu tulitoka Ujiji mapema, yeye kavaa nyekundu, mimi kijani. Simba ikaifunga Yanga 1-0, kwa kichwa cha Taddeo Lwanga, Mganda. Njia nzima ya kurudi kaka alinizomea. Tulipofika nyumbani akanyamaza, kisha akauliza: "Hivi sisi watu wa Kigoma tumeshinda nini leo?"

Sikuwa na jibu. Ligi ya taifa ilianza mwaka 1965. Ubingwa umewahi kutoka nje ya Dar es Salaam: Mseto ya Morogoro mwaka 1975, Tukuyu Stars ya Mbeya 1986, Coastal Union ya Tanga 1988, Mtibwa Sugar 1999 na 2000. Kigoma haimo. Na bado Juma Kaseja, kipa aliyekuwa langoni Simba ilipoing'oa Zamalek kwa penalti mwaka 2003, kazaliwa hapa hapa.

Wengine husema ni uvivu, wengine uchawi. Mimi naitazama njia. Zamani misafara ilibeba pembe na watumwa kutoka Ujiji kwenda Bagamoyo. Mwaka 1914 reli ikafika Kigoma, na mzigo ukapata njia nyepesi zaidi ya kwenda pwani. Wamanyema wetu walikwishajenga Kariakoo, na msikiti wao upo huko mpaka leo, jirani kabisa na mitaa ya Simba na Yanga. Kijana wa Ujiji akishuka kwenye treni hakosi mjomba wa kumpokea. Klabu yake ya nyumbani hubaki na jezi tu.

Kaka yangu naye alipanda treni hiyo. Alikuwa winga, na mchangani pale karibu na ziwa hakuna aliyemkamata. Alirudi baada ya misimu miwili, goti bovu, mfuko mtupu. Timu aliyoiacha ilikuwa imeshakufa.

Kwa hiyo siamini kwamba hatuna vipaji. Tunakosa kitu cha kuvishika: mshahara unaofika mwisho wa mwezi, na nauli ya kusafiri zaidi ya kilomita elfu moja kila mnapocheza Dar. Itazameni Mashujaa, timu ya jeshi. Desemba 2018 iliitoa Simba kwenye Kombe la Shirikisho kwa 3-2, huko huko Dar. Mwaka 2023 ikapanda Ligi Kuu. Aprili 2024 ikaitoa tena Simba, kwa penalti, safari hii hapa nyumbani. Kombe bado, lakini wachezaji wanalipwa wakiwa Kigoma.

Siku ile ya penalti kaka hakuvaa nyekundu. Alivaa shati lake la kawaida, akashangilia mpaka sauti ikamkauka.