KUTOKA MKONO HADI SWICHI: MAFUNDI WASIO NA MAJINA WALIOFUFUA MATREKTA YA BUSTANI

Wadau, leo mastaa wapumzike kidogo. Leo ni zamu ya watu ambao majina yao huyakuti popote. Ni stori ya trekta, ila ndani yake kuna kesi ya mamilioni ya dola, kwa hiyo usikimbie.

Tuanze na shida yenyewe. Zamani trekta lilikuwa linaburuta plau kwa nyuma, kama ng'ombe anavyovuta mkokoteni. Plau likinasa kwenye jiwe au kisiki, magurudumu ya nyuma yanaendelea kusukuma, pua inanyanyuka, trekta linapinduka kinyumenyume na kumwangukia dereva. Watu walikufa hivyo, tena shambani kwao.

Mwaka 1917, vita ya kwanza ya dunia ikiwa imepamba moto, serikali kule Ireland ilimpa fundi mmoja wa Belfast kazi ya kuangalia namna ya kuboresha matumizi ya matrekta. Huyo ni Harry Ferguson, mtu wa kwanza kurusha ndege Ireland, tarehe 31 Desemba 1909, na ndege alijitengenezea mwenyewe. Yeye na mafundi wake wakaja na wazo: plau lisiburutwe, lishikwe na mikono mitatu, miwili chini na mmoja juu. Halafu mafuta yanyanyue. Pampu inasukuma mafuta kwenye silinda, pistoni inasogea, mikono inapanda. Ukiona tipa linamwaga mchanga site, akili ni hiyohiyo. Na plau likinasa, ule mkono wa juu unasukuma mbele na kuizuia pua isinyanyuke. Kifo kikapunguziwa njia.

Oktoba 1938 Ferguson akapeleka trekta lake Marekani kwa tajiri Henry Ford. Ford akakubali, wakashikana mikono. Basi, hakuna mkataba wa maandishi. Mwaka uliofuata likatoka trekta la Ford lenye mfumo wa Ferguson, likauzwa vizuri sana. Ila mjukuu wa Ford alipokamata usukani wa kampuni mwaka 1945, makubaliano ya mkono hayakudumu. Kufika 1947 kila mtu njia yake, na Ford wakatoa trekta jipya lenye mfumo uleule. Ferguson akaenda mahakamani 1948 akidai dola milioni 251. Mwaka 1952 yakaisha kwa yeye kulipwa dola milioni 9.25. Wahenga walishasema, mali bila daftari hupotea bila habari.

Sasa ndo tunafika kwa wasio na majina. Baada ya vita ya pili, Wamarekani wengi walihamia pembezoni mwa miji, nyumba zenye uwanja mkubwa wa majani. Kampuni zikatengeneza matrekta madogo ya bustani. John Deere walitoa lao la 110 mwaka 1963. Matrekta hayo yanakata majani, yanalima bustani, na msimu wa baridi yanasukuma theluji. Ila mengi yalikuja na wenzo wa mkono: unataka kunyanyua kifaa, unavuta kwa nguvu zako. Ya kunyanyua yenyewe yalikuwa ya bei ya juu.

Ukiwa na miaka 30, kuvuta wenzo ni kitu cha kawaida. Lakini hayo matrekta ni chuma cha kweli, yameishi kuliko mabega ya wenyewe. Mzee ana miaka 70, mgongo umechoka, injini bado inanguruma. Afanyeje, auze?

Hapo ndo mafundi wa gereji za nyumbani wakaingia kazini. Njia ziko mbili. Ya kwanza ni mafuta: unafunga pampu inayozungushwa na mkanda wa injini, tangi dogo, vali na silinda. Ina nguvu sana, ila gharama yake imesimama na mafuta huvuja. Ya pili ni umeme: mota ya volti 12 inazungusha skrubu ndefu, fimbo inatoka na kurudi, wewe unabonyeza swichi tu. Ni rahisi kufunga, lakini waya ukiwa mwembamba na fyuzi hakuna, umejitafutia moto.

Na kuna mtego ambao wengi waliujua baada ya kufunga. Kifaa cha kukata majani kinatakiwa kipande na kushuka kulingana na ardhi. Skrubu ya umeme inakishika palepale, kwenye kimlima kinachimba udongo, kwenye shimo kinaelea. Dawa yake ni ya akili ya mtaani kabisa: katikati weka kipande cha mnyororo. Mnyororo unavuta juu, ila hausukumi chini, kwa hiyo kifaa kinabaki huru. Wenye mafuta wao wanatumia vali yenye nafasi ya kuachia, mafuta yapite bila kuzuiwa.

Nani alianza kuweka huo mnyororo? Hayupo kwenye kitabu, hakulipwa hata senti. Ferguson angalau jina lilibaki. Mwaka 1953 aliungana na Massey-Harris, na ndiyo maana mpaka leo ukipita Babati au Mbarali unaona Massey Ferguson limebeba jembe kwa mikono mitatu nyuma. Lakini mzee anayelima bustani yake akiwa na miaka 75 kwa kubonyeza swichi, anamshukuru mtu asiyejulikana.

Mtaani kwako najua yupo fundi wa hivyo, anayefanya kitu kilichokufa kiamke. Mtaje hapo chini kwenye komenti, tena kwa jina lake analojulikana nalo kazini. Yeye asipotee bila habari.