Kununua au Kuuza Gari la Kifahari Lililotumika: Mkononi au Yadi?

Na Mwandishi Wetu, Mwanza

Mwananchi wa Mwanza anayetafuta gari la kifahari lililotumika, liwe Toyota Land Cruiser Prado, Harrier, BMW au Mercedes-Benz, huwa na njia mbili mbele yake. Ya kwanza ni kununua mkononi, yaani kwa mwenye gari mwenyewe, mara nyingi kwa kuunganishwa na dalali. Ya pili ni kununua yadi, kwa mfanyabiashara anayeuza magari kama shughuli yake ya kila siku. Njia zote mbili ni halali, na kila moja ina faida na hatari zake.

Mazungumzo kuhusu njia hizo kwa kawaida huishia kwenye bei, kwa sababu gari la mkononi huwa nafuu kuliko la yadi. Hata hivyo, swali lenye uzito zaidi ni nani atakayewajibika iwapo gari litabainika kuwa na kasoro iliyofichwa, deni la kodi, au mmiliki mwingine asiyejua kwamba limeuzwa. Makala haya yanaeleza tofauti za njia hizo, taratibu za kisheria na hatua ambazo mnunuzi na muuzaji wanapaswa kuzichukua kabla fedha hazijatoka mkono mmoja kwenda mwingine.

Sheria inasemaje

Mauziano ya magari nchini yanaongozwa na Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa, Sura ya 214, pamoja na Sheria ya Mikataba, Sura ya 345. Katika kila mauziano, sheria inachukulia kwamba muuzaji ana haki ya kuuza mali hiyo. Sharti hili linamhusu mtu binafsi sawasawa na mfanyabiashara wa yadi. Ikibainika kwamba gari ni la wizi, mwenye mali halisi ana haki ya kulidai, na mnunuzi hubaki kumtafuta aliyemuuzia ili arejeshewe fedha zake. Hapo ndipo umuhimu wa kumfahamu muuzaji unapoonekana: mwenye yadi ana leseni ya biashara, ofisi na anwani, ilhali mtu aliyekutana na mnunuzi kando ya barabara anaweza kutoonekana tena.

Kuhusu ubora wa bidhaa, hali ni tofauti. Kinga inayotaka bidhaa iwe na ubora unaokubalika sokoni inamgusa muuzaji ambaye kazi yake ni kuuza bidhaa za aina hiyo. Mtu binafsi anayeuza gari lake moja habanwi kwa kiwango hicho, isipokuwa kama amedanganya au ametoa ahadi mahsusi katika mkataba. Aidha, sheria inaeleza kwamba mnunuzi aliyelikagua gari hawezi baadaye kulalamikia kasoro ambayo ukaguzi huo ulipaswa kuibaini. Ukaguzi wa juu juu unaweza kumgharimu mnunuzi haki yake hata mbele ya mfanyabiashara.

Mnunuzi wa yadi anapaswa pia kuuliza gari ni la nani. Baadhi ya magari yanayoegeshwa yadi si mali ya yadi bali yameachwa hapo na watu binafsi ili yatafutiwe wateja. Katika hali hiyo muuzaji kisheria anaweza kuwa yule mtu binafsi, na yadi ikawa wakala tu. Jina linaloandikwa kwenye mkataba na kwenye risiti ndilo linaloonyesha nani atadaiwa.

Bei na kodi iliyomo ndani yake

Ili kujua kama bei inaaminika, ni vyema kufahamu kodi zilizolipwa gari lilipoingia nchini. Gari lenye injini ya zaidi ya sentimita za ujazo 2,000 hutozwa ushuru wa forodha wa asilimia 25, ushuru wa bidhaa wa asilimia 10 na Kodi ya Ongezeko la Thamani ya asilimia 18, kila kodi ikikokotolewa juu ya jumla iliyotangulia. Kwa gari lililothaminiwa Sh. milioni 40 lilipofika bandarini, kodi hizo tatu pekee hufikia Sh. milioni 24.9, kabla ya tozo nyingine na kabla ya ushuru wa ziada unaotozwa magari ya umri mkubwa. Kikokotoo cha magari yaliyotumika kilicho katika tovuti ya Mamlaka ya Mapato Tanzania (TRA) humwezesha mwananchi kupata makadirio hayo kwa aina na mwaka wa gari.

Kwa hiyo, gari jipya machoni linalouzwa chini kabisa ya hesabu hiyo linahitaji maelezo. Huenda kodi haikulipwa, au liliingizwa kwa msamaha. Magari ya mashirika, miradi ya wafadhili yenye namba za DFP na taasisi nyingine zilizosamehewa kodi yanapouzwa kwa mtu asiye na msamaha, kodi iliyosamehewa hupaswa kulipwa. Mnunuzi aombe uthibitisho wa malipo hayo kabla ya kukubaliana bei.

Bei ya yadi inabeba pia kodi ya pango, mishahara na faida ya mfanyabiashara. Bei ya mkononi haina gharama hizo, lakini dalali anaweza kuongeza cha juu bila mwenye gari kujua. Njia ya kuepuka hali hiyo ni mnunuzi na mwenye gari kukutana ana kwa ana na kukubaliana mapema nani atamlipa dalali na kiasi gani.

Wauzaji wanakumbushwa kwamba tangu Machi 2025, kanuni za matumizi ya fedha za kigeni zinakataza kutangaza au kudai bei kwa fedha za kigeni katika mauziano ya ndani ya nchi. Gari lililoko Mwanza linapaswa kutajiwa bei kwa shilingi.

Uhakiki wa nyaraka

Kabla ya kulipa hata fedha ya kushikia gari, mnunuzi anashauriwa kuhakiki yafuatayo:

- Kadi ya gari halisi, si nakala. Jina lililo kwenye kadi lilingane na kitambulisho cha Taifa cha muuzaji, na taarifa zake zithibitishwe TRA.

- Namba ya chesisi na namba ya injini. Zisomwe kwenye gari lenyewe na kulinganishwa na kadi. Namba iliyokwaruzwa, kuchomelewa au kupakwa rangi upya ni sababu ya kusitisha mauziano na kuomba ukaguzi wa Jeshi la Polisi.

- Mikopo. Gari lililonunuliwa kwa mkopo au kuwekwa dhamana linaweza kuwa na jina la benki kwenye kadi. Muuzaji alete barua ya benki inayothibitisha kwamba deni limekwisha.

- Faini za barabarani. Mfumo wa Jeshi la Polisi unaopatikana kupitia tms.tpf.go.tz huonyesha madeni ya faini kwa namba ya gari.

- Bima. Uhai wa bima unaweza kuhakikiwa kupitia mfumo wa Mamlaka ya Usimamizi wa Bima Tanzania (TIRA).

- Mirathi. Ikiwa mmiliki aliyesajiliwa amefariki dunia, mwenye mamlaka ya kuuza ni msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na mahakama, si mwanafamilia yeyote anayeshika funguo.

Ni desturi ya wanunuzi wengi kulipima gari kwa herufi ya namba yake ya usajili, wakisema gari la namba C, D au E. Herufi hiyo huonyesha mfuatano wa usajili nchini Tanzania, si mwaka wa kutengenezwa. Gari la namba E linaweza kuwa na umri mkubwa kuliko la namba D lililoingia nchini likiwa jipya zaidi. Mwaka wa kutengenezwa usomwe kwenye kadi na kwenye nyaraka za forodha.

Kwa magari yaliyotoka Japani, mnunuzi anaweza kuomba karatasi ya mnada na cheti cha kusafirisha gari nje. Karatasi ya mnada huonyesha daraja la gari, na herufi R kwa kawaida humaanisha gari lililowahi kupata ajali na kutengenezwa. Kilomita zilizoandikwa humo zikizidi zile zinazosomwa kwenye dashibodi leo, mita imerudishwa nyuma.

Ukaguzi wa gari

Gari la kifahari likaguliwe na fundi anayeifahamu aina hiyo, aliyechaguliwa na mnunuzi na si na dalali. Kupima kwa kompyuta hufichua hitilafu ambazo taa za dashibodi zimezimwa zisizionyeshe. Kwa magari yenye shokapu za hewa, gari liachwe limezimwa kwa saa kadhaa ili ionekane kama linashuka upande mmoja, kwani vipuri vyake ni ghali na mara nyingi huagizwa Dar es Salaam au nje ya nchi.

Mazingira ya Mwanza yenyewe ni kipimo kizuri. Miinuko ya mawe ya Bugando, Isamilo na Capri Point huonyesha haraka hali ya giaboksi, breki na mfumo wa kupoza injini. Gari likaguliwe pia uvunguni. Maji ya Ziwa Victoria hayana chumvi, hivyo gari lililotumika kanda hii tu halitarajiwi kuwa na kutu nyingi ya chini. Kutu ya aina hiyo huashiria kwamba gari liliishi pwani au katika nchi zinazomwaga chumvi barabarani wakati wa theluji.

Magari yenye namba za nje

Mwanza inafikika kwa barabara kutoka mipaka ya Sirari, mkoani Mara, na Mutukula, mkoani Kagera, na magari yenye namba za Kenya na Uganda huonekana mara kwa mara. Gari la aina hiyo huingia kwa kibali cha muda chini ya Sheria ya Usimamizi wa Forodha ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2004. Haliwezi kuuzwa nchini kabla ya kukamilishiwa taratibu za forodha na kusajiliwa. Anayelinunua kwa siri anaweza kulipoteza kwa kutaifishwa.

Hatari hii si ya kufikirika. Mwaka 2019 Mamlaka ya Mapato ya Kenya ilikamata katika bandari ya Mombasa magari ya kifahari yaliyoibwa Uingereza, yakiwa yameandikwa kwenye nyaraka kuwa vyombo vya nyumbani. Kwa sababu hiyo, pale gari lilipotoka nje ya nchi hivi karibuni na historia yake haieleweki, ni busara kuomba Jeshi la Polisi lihakiki namba ya chesisi katika kanzidata ya INTERPOL.

Mkataba, malipo na uhamisho wa umiliki

Mkataba wa mauziano uandaliwe na kushuhudiwa na wakili, ukitaja namba ya chesisi, kilomita, bei halisi, kasoro zilizokubaliwa, na tarehe na saa ya makabidhiano. Malipo yafanyike kwa njia ya benki kwenda akaunti ya mtu aliyetajwa kwenye kadi au wakala mwenye idhini yake ya maandishi. Kwa gari la yadi, mnunuzi adai risiti ya mashine ya kielektroniki (EFD) yenye kiasi kamili alicholipa.

Baada ya hapo, umiliki uhamishwe TRA chini ya Sheria ya Kodi ya Usajili na Uhamisho wa Magari, Sura ya 124. Pande zote mbili zinahitaji Namba ya Utambulisho wa Mlipakodi (TIN), kadi halisi, mkataba na vitambulisho. Gharama ni ada ya uhamisho Sh. 50,000, kadi mpya Sh. 10,000 na ushuru wa stempu wa asilimia moja ya thamani ya mauziano. Kwa gari la Sh. milioni 60, jumla ni Sh. 660,000. Kuandika bei ya uongo ili kupunguza ushuru ni kosa, na humdhuru mnunuzi mwenyewe: mgogoro ukifika mahakamani, mkataba utaonyesha alilipa kidogo kuliko alicholipa.

Wajibu wa muuzaji

Muuzaji wa mkononi naye ana la kupoteza. Mtu anayekabidhi gari na kadi iliyosainiwa, kisha akaacha mnunuzi ahamishe umiliki kwa wakati wake, anabaki kuwa mmiliki katika kumbukumbu za Serikali. Faini zitaendelea kusomeka kwenye namba iliyo kwa jina lake, na gari likihusika katika ajali au uhalifu, yeye ndiye atakayetafutwa kwanza. Muuzaji aambatane na mnunuzi hadi uhamisho ukamilike, atunze nakala ya mkataba, na aitaarifu kampuni ya bima. Mnunuzi naye ahakikishe ana bima kwa jina lake kabla ya kuliingiza gari barabarani, kwani bima dhidi ya mtu wa tatu ni ya lazima kwa mujibu wa Sheria ya Bima ya Magari, Sura ya 169.

Njia ipi ichaguliwe

Kununua mkononi kunamfaa mwenye muda wa kuhakiki, fundi anayemwamini na muuzaji anayefahamika makazi yake. Faida yake ni bei na historia ya gari inayosimuliwa na aliyelitumia. Yadi inamfaa asiye na muda huo, anayehitaji risiti, au anayetaka kubadilisha gari lake kwa kuongeza fedha, mradi ahakikishe kwamba yadi ndiyo inayouza na kwamba dhamana yoyote inayoahidiwa imeandikwa. Mlaji aliyedanganywa na mfanyabiashara anaweza kuwasilisha malalamiko Tume ya Ushindani (FCC), na palipo na jinai, kituo cha Polisi.

Vyovyote itakavyokuwa, funguo huonyesha tu nani anaendesha. Kadi ndiyo inayoonyesha nani anamiliki. Wananchi wa Mwanza na Kanda ya Ziwa wanahimizwa kutokamilisha malipo kabla ya nyaraka kuhakikiwa, na kutohesabu mauziano kuwa yamekwisha hadi kadi mpya itakapotoka kwa jina la mnunuzi.