NFS

NFS ni itifaki inayoiwezesha kompyuta kutumia mafaili yaliyo kwenye diski za kompyuta nyingine mtandaoni kana kwamba yamo ndani yake yenyewe. Ilibuniwa na kampuni ya Sun Microsystems ya Marekani mwaka 1984.

Matoleo

Toleo la 2 lilichapishwa rasmi mwaka 1989. Toleo la 3, la mwaka 1995, liliruhusu mafaili yanayozidi gigabaiti 2. Toleo la 4 lilitolewa mwaka 2000, nalo hupitisha mawasiliano kwenye poti moja, 2049.

Matumizi kwenye seva ya nyumbani

Katika Linux, kompyuta yenye hifadhi huorodhesha saraka inazozitoa, pamoja na anwani zinazoruhusiwa, ndani ya faili /etc/exports. Seva inayozitumia huzipachika kwa amri ya mount juu ya saraka tupu, au kwa mstari katika /etc/fstab ili zipachikwe kila inapowashwa. Katika mstari huo, chaguo la _netdev huainisha hifadhi hiyo kuwa ya mtandao, isipachikwe kabla mtandao haujawa tayari. Chaguo la nofail huiacha seva iendelee kuwaka hata hifadhi isipopatikana.

Upachikaji ukishindikana, programu huweza kuandika ndani ya saraka tupu na kuijaza diski ya seva. Hifadhi ikipachikwa baadaye, mafaili hayo hufichika chini yake.

Usalama

Kwa kawaida NFS huamini namba ya mtumiaji inayotumwa na kompyuta nyingine. Kwa hiyo haifai kuachwa wazi kwenye intaneti. Penye haja ya ulinzi zaidi, hutumika Kerberos, mfumo wa kuthibitisha utambulisho wa watumiaji.