Nani ana ruhusa ya kuongeza amri kwenye Django?

Ukiandika programu za wavuti kwa Django, siku haipiti kabla hujaandika manage.py na neno moja mbele yake: runserver, shell, migrate. Wengi huyachukua maneno haya kama yalizaliwa pamoja na Django yenyewe. Sivyo. Hilo la tatu lilitoka nje, na leo nataka tuangalie lilivyopata njia ya kuingia.

Django ilianza mwaka 2003 katika gazeti la Lawrence Journal-World, jimbo la Kansas, Marekani. Adrian Holovaty na Simon Willison walikuwa wakiunda tovuti kwa mwendo wa chumba cha habari, ambapo ukurasa uliotajwa asubuhi unatakiwa jioni. Julai 2005 ikatolewa kwa umma. Amri zake zilikuwa chache, zote ndani ya faili moja iliyoitwa management.py. Kila amri ilikuwa fanksheni, na orodha moja ilisema neno hili linaita fanksheni ile. Kufikia 2007 faili hiyo ilikuwa imerefuka sana.

Urefu wake haukuwa tatizo kubwa. Tatizo ni kwamba orodha ile ilikuwa mali ya Django. Wewe mwenye mradi, tuseme unataka kila usiku saa nane cron ifute rekodi zilizopitwa na wakati, ilibidi uandike skripti pembeni, uanze kwa kuieleza Python mipangilio ya mradi iko wapi, ndipo ufike kwenye kazi yenyewe. Kila mtu na mtindo wake. Mgeni akijiunga na kazi, swali la kwanza lilikuwa: hizo skripti mmeziweka wapi?

Agosti 2007 Holovaty aliivunja faili ile kubwa. Kila amri ikapata faili yake, na badala ya fanksheni ikawa klasi. Mwezi uliofuata Russell Keith-Magee akaongeza kipande kilichobaki: Django ipite katika kila programu ndogo iliyosajiliwa kwenye mradi, itafute folda ya management, ndani yake folda ya commands, na kila faili itakayoikuta humo iwe amri. Jina la faili ndilo jina la amri. Hakuna kusajili, hakuna kuomba ruhusa. Toleo la 1.0 lilipotoka Septemba 2008, jambo hili lilikuwa ndani.

Haki ya jirani nayo tuitaje: watu wa Rails walikuwa tayari na Rake, kazi ya marehemu Jim Weirich. Lakini Rake ilikuwa chombo cha pekee, na ni mpaka Rails 5 ya mwaka 2016 ndipo kazi zake zikaanza kuitwa kwa amri ile ile ya rails.

Kwa nini haya yalijalisha? Si kila kazi ya programu ya wavuti huanzia kwenye kivinjari. Chukua RapidSMS, mradi wa UNICEF uliotumiwa Rwanda kufuatilia afya ya mama na mtoto. Mhudumu wa afya kijijini anatuma arafa kwa simu ya kawaida. Lazima kuwe na kitu kinachokesha kikiipokea na kuipeleka panapohusika. Katika matoleo yake yaliyojengwa kama programu za Django, kitu hicho kiliwashwa na manage.py kwa amri ya runrouter. Hakuna aliyehitaji kuigusa Django kwa hilo.

Sasa turudi kwa migrate. Enzi hizo Django ilikuwa na syncdb, amri iliyotengeneza majedwali mapya ya hifadhidata na kuyaacha ya zamani kama yalivyo. Ukiongeza safu moja kwenye jedwali lenye data za wateja, ulijiandikia SQL mwenyewe, na mkono ukiteleza data imekwenda. Mwaka 2008 Andrew Godwin akatoa South, programu ya kubadilisha majedwali hatua kwa hatua. Ilikuja na amri ya migrate ndani ya folda yake ya commands. Ilikuja pia na faili iliyoitwa syncdb.py. Naam, jina lile lile! Django husoma amri zake kwanza, kisha za programu ndogo, na ya baadaye huifunika ya mwanzo. Ukisakinisha South, syncdb ya Django ilikaa pembeni kimya.

Kuna wanaosema sheria hii ni hatari, kwamba kifurushi usichokijua kinaweza kukunyang'anya amri. Ni kweli, kinaweza. Bado naiunga mkono, kwa sababu bila hiyo South ingebidi isubiri kukubaliwa ndani ya Django kabla ya kuonyesha inafaa. Badala yake ilitumika nje miaka mingi, ikajulikana inapokwama. Mwaka 2013 Godwin aliomba pauni 2,500 kwenye Kickstarter ili aandike upya kazi hiyo ndani ya Django. Alipata 17,952.

Django 1.7 ilitoka Septemba 2014 ikiwa na migrate yake yenyewe. Desemba 2015, katika 1.9, syncdb ikaondolewa kabisa.