Khani za Wasafiri katika Nchi ya Rum

Katika zama za Masultani wa Kiseljuki, waliotawala nchi ya Rum, ambayo leo ni sehemu ya Uturuki, mfanya biashara aliyetoka Konya kwenda Kayseri alikhofu theluji na wanyang'anyi kwa pamoja. Kwa sababu hiyo masultani na mawaziri wao walijenga kando ya njia kuu nyumba za wasafiri ziitwazo khani, zikiachana takriban mwendo wa siku moja wa msafara.

Iliyo mashuhuri kabisa ni Sultan Han, karibu na mji wa Aksaray, iliyojengwa mwaka 1229 kwa amri ya Sultani Alauddin Kaiqubad wa Kwanza. Kuta zake za mawe ni nene mfano wa ngome. Ndani mna uwanja, na katikati ya uwanja msikiti mdogo uliosimama juu ya matao manne. Nyuma yake ukumbi mkubwa wenye dari ya mawe, uliowakinga watu na wanyama wao na baridi. Iliungua, ikatengenezwa tena mwaka 1278.

Lakini mawe hayamlishi msafiri. Kilichozihuisha khani hizi ni wakfu, na hapana ushahidi ulio wazi kuliko hati ya Karatay Han, iliyo mashariki ya Kayseri. Mwenye kuiwakifu ni Jalaluddin Karatay, mmoja wa wakuu wa dola. Hati hiyo iliandikwa mwaka 1247, nayo ilikuwa imepita miaka minne tu tangu Wamongoli kuyavunja majeshi ya Kiseljuki pale Köse Dağ. Wakati kama huo wenye mali wengi huficha mali zao. Yeye aliyafunga mapato ya vijiji kwa ajili ya wageni asiowajua.

Sharti zake zastaajabisha. Kila ashukaye hapo apewe mkate na nyama, awe Mwislamu au asiwe, mwanamume au mwanamke, muungwana au mtumwa. Fakiri asiye na viatu apewe viatu. Mgonjwa atibiwe hata apone, na akifa akafiniwe kwa mali ya wakfu. Na usiku wa Ijumaa wageni wapikiwe halua ya asali! Haya yote yasingalitimia kwa sadaka ya leo na kesho. Yalihitaji shamba lisilouzwa, na msimamizi mwenye kuulizwa hesabu.

Baadaye biashara nyingi ilihamia baharini, kisha zikaja reli, na khani nyingi zikabaki magofu. Karatay Han ingali imesimama. Karatay alifariki mwaka 1254. Yeye aliyetaka mtumwa na muungwana wapewe chakula kimoja alikuwa mwenyewe mtumwa aliyeachwa huru, mzaliwa wa Wayunani wa nchi ile ile.