Amani ya 1919 na Mipaka ya Kiswahili Sanifu

Historia ya usanifishaji wa Kiswahili aghalabu huanzia Mombasa mwaka 1928, mkutano ulipoichagua lahaja ya Kiunguja kuwa msingi wa lugha ya maandishi. Mhadhara huu unadai kwamba mwanzo huo umechelewa. Kabla ya kuulizwa ni lahaja ipi isanifishwe, lilikuwapo swali jingine: ni wazungumzaji wa wapi watakaohusishwa? Swali hilo lilijibiwa Ulaya mwaka 1919, na watu ambao hawakuwa wakijadili lugha kabisa.

1. Lugha ya kambini

Vita Kuu ya Kwanza vilisimama Ulaya tarehe 11 Novemba 1918. Afrika Mashariki vilikoma wiki mbili baadaye, tarehe 25 Novemba, Jenerali Paul von Lettow-Vorbeck aliposalimu amri Abercorn, mji ambao leo ni Mbala, Zambia. Miaka minne ya mapigano iliwachanganya askari na wapagazi wa makabila mengi, na Kiswahili kikawa chombo chao cha kuelewana. Ushahidi ungalipo midomoni mwa watu: Kariakoo ya Dar es Salaam na Kariokor ya Nairobi ni matamshi ya wenyeji ya Carrier Corps, kikosi cha wapagazi wa Waingereza.

Koloni lililoshindwa lilikuwa na utawala uliotumia Kiswahili, ingawa kwa viwango tofauti. Kutoka pwani kuelekea bara kilitumiwa na maakida, majumbe na shule za serikali. Ruanda na Urundi, ambako wafalme waliachwa katika viti vyao, kilijikita zaidi katika vituo vya utawala, kambi na masoko.

2. Kalamu ya amani

Kwa Mkataba wa Versailles wa tarehe 28 Juni 1919, Ujerumani ilinyang'anywa makoloni yake yote. Kifungu cha 22 cha Mkataba wa Shirikisho la Mataifa kiliyaweka makoloni hayo chini ya udhamini, kwa hoja kwamba watu wake hawakuwa bado na uwezo wa kujisimamia. Hata hivyo, mgawanyo wenyewe ulikwisha kupatanwa. Tarehe 30 Mei 1919, Lord Milner wa Uingereza na Pierre Orts wa Ubelgiji walikubaliana kwamba Ruanda na Urundi ziende kwa Ubelgiji na sehemu kubwa iliyobaki iende kwa Uingereza. Pembe ndogo ya Kionga, kusini mwa mlango wa mto Ruvuma, ilipewa Ureno.

Kipimo chao kilikuwa reli na bandari. Gisaka, mashariki mwa Ruanda, ilikatwa na kupewa Waingereza kwa ajili ya njia ya reli iliyokusudiwa. Mfalme Musinga na wamisionari walipinga, na eneo hilo likarudishwa kabla ya mwaka 1924. Hata marekebisho hayo yalitetewa kwa hoja ya umoja wa ufalme, lugha haikuhesabiwa.

3. Mpaka ndani ya lugha

Shirikisho lilithibitisha udhamini huo mwezi Julai 1922, na tangu hapo njia zikaachana. Tanganyika ilipata gazeti la Mambo Leo mwaka 1923, likitolewa na Idara ya Elimu. Mwaka 1925 mkutano wa elimu wa Dar es Salaam ulipendekeza chombo cha kuiratibu lugha, na mwaka 1930 ikaanza Kamati ya Lugha ya Tanganyika, Kenya, Uganda na Unguja. Wajumbe wake wa mwanzo hawakuwa na Mwafrika hata mmoja.

Upande wa pili, mwaka 1925 Ubelgiji iliiunganisha Ruanda-Urundi na Kongo kiutawala. Kiswahili hakikufa huko. Kiliendelea Buyenzi mjini Bujumbura na Biryogo mjini Kigali, kikihusishwa na Uislamu na biashara, lakini bila kiti katika Kamati.

Huenda ikapingwa kwamba Kenya, Uganda na Unguja nazo hazikuwa sehemu ya udhamini wa Tanganyika, ilhali zilishirikishwa. Pingamizi hilo linaithibitisha hoja: zilishirikishwa kwa kuwa zilikuwa chini ya bendera moja. Usanifishaji uliifuata bendera, haukuwafuata wazungumzaji.

4. Hitimisho

Burundi na Rwanda zilijiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2007, na mwaka 2017 Rwanda ikakifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi. Nchi hizo zimepokea kanuni ambazo wazungumzaji wao hawakuulizwa. Mwalimu anapolisahihisha neno la mwanafunzi wa Bujumbura kwa sababu halimo katika kamusi, hana budi kujiuliza kama mbele yake pana kosa la sarufi, au pana matokeo ya mstari uliochorwa mwaka 1919. Kuvitenganisha viwili hivyo ni kazi ya utafiti wa lahaja, na kazi hiyo haijakamilika.