Blue Badge ya Uingereza: PIP Ikikataa, Kuna Mlango Mwingine

Kama uko na mtu wako Uingereza, pengine anafanya unesi ama anaangalia wazee, ashaiona hii kadi ya bluu kwa dashibodi za magari. Inaitwa Blue Badge, na ndiyo kibali cha paking cha watu wenye ulemavu. Ilianza 1971 ikiwa ya rangi ya chungwa, ikageuzwa bluu mwaka wa 2000. Wageni wengi hudhani haiwahusu. Inawahusu, ila njia ya kuipata ina kona.

Kitu ya kwanza: badge ni ya mtu, si ya gari. Ukibebwa na teksi ama moti ya beshte yako, unaitumia. England na Wales inakuruhusu kupaki kwa mistari ya njano hadi masaa 3, mahali dere mwingine angekula faini, mradi hakuna alama ya kukataza kupakia na kupakua mizigo. Lakini ukishikwa ukitumia ya cucu kuenda mihangaiko yako na yeye amebaki kwa nyumba, faini inaweza kufika pauni 1,000. Na ukiingia katikati ya London, chunga. City of London, Westminster na Kensington and Chelsea zina sheria zao za paking, na badge haikupi kila kitu inakupa kwingine.

Bei si noma. England inaweza kufika pauni 10, Scotland pauni 20, Wales ni ya bure. Kwa kawaida inakaa miaka 3. Anayeitoa ni kaunsili ya mtaa unakoishi, kanju ya huko, lakini maombi unaweza kuanzia kwa tovuti ya serikali, GOV.UK. Msee akikuambia umlipe kitu zaidi ndio akusaidie kujaza fomu, hiyo ni ya kwake.

Sasa tuingie kwa England, juu Scotland na Wales masharti yao ni tofauti kidogo. Kuna watu wanapewa bila maswali mingi: aliyesajiliwa kuwa kipofu, wanajeshi wengine walioumia kazini, na wale wanaopata PIP, pesa ambayo serikali inalipa watu wenye ulemavu ama ugonjwa wa muda mrefu. PIP inahesabiwa kwa pointi. Ukiwa na pointi 8 ama zaidi kwa upande wa kutembea, maana yake huwezi kupita mita 50, badge ni yako. Kuna pia upande wa kupanga safari na kuzifuata. Hapo pointi 10 zinakupa badge moja kwa moja kama sababu ni kwamba huwezi kutoka kabisa kwa vile safari yoyote inakulemea kiakili. Halafu kuna aliyepata pointi 12 hapo hapo, yaani hali yake imehesabiwa kuwa mbaya zaidi, na yeye hapewi moja kwa moja. Lazima alete ushahidi. Maze, hiyo hesabu nani aliipiga?

Hapa ndipo Wakenya wengi wanagonga ukuta. Ukiwa Uingereza na viza ya kazi ama ya masomo, kwa kawaida imeandikwa huruhusiwi kuchukua pesa za serikali, na PIP iko kwa hiyo orodha. Kwa hivyo mtu anaona, kama PIP siwezi kuomba, badge nitaipata wapi? Anaendelea kupaki mbali na kujikokota.

Blue Badge haiko kwa hiyo orodha. Kuiomba si kuvunja masharti ya viza. Wewe utapitia mlango wa pili: unaomba kaunsili ikuangalie yenyewe.

Mlango huo ni mzito. Hali yako iwe ya kudumu, ama itarajiwe kukaa angalau miaka 3. Mguu uliovunjika na utapona kabla ya Krisi haukupeleki popote. Unaweza kuitwa mbele ya mtaalamu, kama fiziotherapisti, akuone ukitembea. Haangalii tu kama unaweza kutembea. Anaangalia unafika wapi, unachukua muda gani, unasimama mara ngapi, maumivu na pumzi ziko aje. Wengi huangukia hapa. Sisi tumelelewa kusema "niko sawa" hata tukiumwa, na ukiulizwa kama unaweza kufika dukani unasema ndio. Husemi kwamba ukirudi unalala hadi jioni. Sema hiyo ya kulala. Eleza siku mbaya zinakuja mara ngapi, beba majina ya dawa na barua za kliniki.

Ulemavu usioonekana pia unahesabika. Tangu 30 Agosti 2019, England inakubali watu ambao shida yao haionekani kwa macho, kama otizimu ama wasiwasi mkali wa akili, kama safari inawaletea hatari ama dhiki kubwa sana. Mtoto wa chini ya miaka 3 anayetembea na mashine kubwa za hospitali naye anaweza kupewa.

Majibu yanaweza kuchukua wiki 12 ama zaidi. Ukikataliwa, hakuna mahakama maalum ya rufaa ya hii kitu kama ile ya PIP. Unaandikia kaunsili, unauliza sababu, unaomba waangalie tena, na unaongeza ule ushahidi ulikosekana. Na ukiipata usitulie sana: haijirudii yenyewe ikiisha. Anza kuomba ingine miezi 3 kabla, ama utajipata ukipaki mbali tena ukingoja barua.